Je, Wajua? Kabari Kwenye Gogo la Goma

Mpasua kuni wa Goma, mashariki mwa Kongo, hapigi shoka ovyo. Gogo la mkaratusi lililoteremshwa kutoka Masisi juu ya chukudu, toroli la mbao, hulazwa kwenye jiwe la volkano, hugeuzwageuzwa mpaka ufa mwembamba uonekane, kisha kabari ya chuma huingizwa papo hapo na kugongwa kwa nyundo. Pigo la tatu au la nne, gogo linaachana. Kabari yenyewe haina nguvu. Nguvu ni za mwenye nyundo, na ufa ulikuwamo tangu mti ungali shambani.

Je, wajua kwamba Wamarekani hutumia neno hilohilo, kabari, kwa suala la siasa linalowatenganisha wapiga kura ambao mshahara wao, kodi yao ya nyumba na hofu zao ni zilezile? Mwaka 1968 George Wallace, aliyekuwa gavana wa Alabama na mtetezi wa kutenganisha watu kwa rangi, aligombea urais nje ya vyama viwili vikubwa, akashinda majimbo 5. Kura zake hazikutoka Kusini peke yake. Wafanyakazi weupe wa viwanda vya Kaskazini, wengi wao wanachama wa vyama vya wafanyakazi, walimpa pia. Novemba 2004, siku ileile ya kumchagua rais, majimbo 11 yaliulizwa kuhusu ndoa za jinsia moja, na yote 11 yakazikataa. Ohio ilikuwa mojawapo, jimbo la viwanda lililokuwa likipoteza ajira, na ndilo lililotia muhuri ushindi wa George W. Bush. Mapema zaidi, mwaka 1935, mwanazuoni mweusi W. E. B. Du Bois alikwisha kulieleza jambo hilo kwa namna ambayo haijapitwa: mfanyakazi mweupe alilipwa ujira mdogo, lakini akaongezewa ujira wa pili usioingia mfukoni, ule wa kuheshimiwa kuliko mweusi. Kwa ajili ya ujira huo wa pili hakuungana na mwenzake kuudai ule wa kwanza.

Nimeanzia mbali makusudi. Goma tuna kabari yetu, na imetengenezwa kwa swali moja ambalo kila mkaaji wa mji huu amewahi kuulizwa, sokoni, kazini, kwenye ofisi ya mtaa au na mama mkwe mtarajiwa: uko mtu wa wapi?

Je, wajua kwamba sheria ya Kongo imelijibu swali hilo mara tano kwa kutumia tarehe nne tofauti? Katiba ya 1964 ilisema Mkongo ni yule ambaye mmoja wa wazee wake alikuwa wa kabila lililokaa nchini kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Mwaka 1971 amri ya Rais Mobutu iliwapa uraia kwa jumla watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekwisha kukaa nchini kufikia tarehe 30 Juni 1960. Mwaka uliofuata, sheria ya Januari 1972 ikarudisha nyuma kipimo kwa hao hao: waliokaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Wakati huo mkurugenzi wa ofisi ya Mobutu alikuwa Barthélemy Bisengimana, mwenye asili ya Rwanda, na watu wengi wa Kivu hadi leo huitaja sheria hiyo kwa jina lake. Bisengimana aliondoka madarakani mwaka 1977. Mwaka 1981 sheria nyingine ikafuta ya 1972 na kurudi nyuma kabisa: uraia wa asili ni kwa watu wa makabila yaliyokuwapo tarehe 1 Agosti 1885, na wengine wote waombe mmoja mmoja. Hatimaye, Novemba 2004, baada ya vita viwili, sheria ikarejea kwenye siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960.

Hebu tusimame kidogo kwenye hiyo 1885, maana ndipo ajabu lilipo. Agosti 1885 ni mwezi ambao Leopold II wa Ubelgiji alizitangazia nchi za Ulaya kwamba dola yake ya Kongo imeundwa. Hakuna aliyekuja Rutshuru kumwarifu mtu. Mzungu wa kwanza kufika kwenye Ziwa Kivu, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, alifika mwaka 1894, akapanda volkano ya Nyiragongo na kuendelea na safari yake kuelekea magharibi. Mpaka kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza katika pande zetu ulikubaliwa mwaka 1910. Mkulima wa Bwisha, huko Rutshuru, aliyekuwa akizungumza Kinyarwanda mwaka 1885 alikuwa akilima shamba lake. Hakuvuka mpaka wowote, kwa kuwa haukuwapo wa kuvuka. Miaka 96 baadaye sheria ikamtaka mjukuu wake athibitishe babu yake alikuwa upande gani wa mstari ambao ulikuwa bado haujachorwa.

Na wako walioletwa, hilo nalo ni kweli na halifai kufichwa. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji iliendesha mpango rasmi uliojulikana kwa kifupi kama MIB, wa kuhamisha Wanyarwanda hadi Masisi, hasa Gishari na milima inayoizunguka. Waliohamishwa walikaribia 85,000. Walihitajika kwenye mashamba ya walowezi, na Rwanda ilikuwa na watu wengi na njaa. Wahunde, wenyeji wa Masisi, hawakuulizwa kama milima yao ina nafasi. Kabla ya hapo, tangu 1928, kampuni ya ardhi iliyoitwa CNKi ilikuwa imekwisha kupewa mamlaka juu ya eneo kubwa la Kivu kwa niaba ya walowezi. Kwa hiyo ufa wa Masisi ulianza kama jambo la ardhi, ukapita kwenye jembe la Mhunde aliyenyang'anywa na kwenye jembe la Mhutu aliyeletwa, na mwenye shamba kubwa alikuwa mtu wa tatu kabisa.

Hapo ndipo inapouma. Baada ya uhuru wazungu waliondoka, lakini mashamba makubwa hayakugawanywa. Sheria ya ardhi ya 1973 ilithibitisha kwamba ardhi yote ni mali ya Dola, na mwishoni mwa mwaka huohuo Mobutu akatangaza mali za wageni zichukuliwe na Wazaire. Mashamba ya kahawa na chai na malisho ya Masisi yakaenda kwa wakubwa wenye njia ya kufika Kinshasa. Wakubwa hao walitoka katika makabila mbalimbali. Wasio na njia, nao wa makabila mbalimbali, walibaki na vipande vya mteremko visivyotosha watoto wawili. Jibini ya Masisi inayouzwa Goma kwa magurudumu mazima hutoka kwenye malisho hayo mazuri, na anayeikata vipande sokoni mara nyingi ni mtoto wa mtu asiye na mahali pa kufunga hata mbuzi.

Je, wajua kwamba kimoja kati ya vyama vilivyotajwa sana katika ugomvi wa miaka hiyo kilikuwa, kwa jina lake, chama cha wakulima? MAGRIVI, iliyoibuka katika miaka ya 1980, ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya chama cha kusaidiana cha wakulima wa Virunga. Jina hilo lingeweza kumkaribisha kila mwenye jembe, awe Mhunde, Mnande, Mnyanga au Mhutu. Kikawa chama cha Wahutu. Jumuiya nyingine nazo zina nyumba zao za kusaidiana: Wanande wana Kyaghanda, Wahunde wana Bushenge. Hizi ni nyumba za heri. Ndizo zinazochanga pesa ya msiba, ndizo zinazompokea kijana aliyeingia mjini hana pa kulala. Lakini uchaguzi unapokaribia, mlango huohuo wa msiba na harusi ndio mgombea anaoupitia kutafuta kura, na akishaingia ndani haongei juu ya bei ya mbegu.

Mwaka 1990 Mobutu aliahidi vyama vingi, na mwaka 1991 mkutano mkuu wa taifa ukafunguliwa. Kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1960 kura ingekuwa na thamani, na papo hapo swali la nani apige kura likawa la kufa na kupona. Serikali ikaanza kuwatambua raia na wasio raia Kivu. Wajumbe wenye asili ya Kinyarwanda walizuiwa kwenye mkutano. Machifu walihesabu: wahamiaji wakipiga kura, wenyeji watashindwa kwao wenyewe. Wahamiaji nao walihesabu: tukikosa kura, tutakosa na mashamba. Machi 1993, siku ya soko huko Ntoto, Walikale, watu walishambuliwa, na moto ukaenea hadi Masisi. Maelfu waliuawa, na zaidi ya laki mbili wakayakimbia makazi yao. Ulikuwa mwaka mzima kabla ya mauaji ya kimbari ya Rwanda na kabla ya wakimbizi kufurika Goma Julai 1994. Watu wa nje hudhani vita vyetu vililetwa na wakimbizi wale. Waliouana Ntoto na Masisi walikuwa majirani, maskini kwa maskini, na kilichowatangulia ni ahadi ya uchaguzi.

Je, wajua kwamba Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984? Hakuna sensa nyingine iliyofanyika tangu hapo. Mtoto aliyehesabiwa akiwa mgongoni mwa mamake leo ni mtu wa miaka 40 na zaidi. Kila mwanasiasa wa Kivu Kaskazini anayesema jumuiya yake ndiyo kubwa kuliko zote anasema kitu kisichoweza kupingwa kwa hesabu, wala kuthibitishwa.

Na kwa kuwa kwa miaka mingi Dola haikutoa kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura ndiyo iliyogeuka kuwa kitambulisho. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anaionyesha kwa polisi. Mama muuza samaki anaihitaji kupokea pesa aliyotumiwa, kusajili laini ya simu, kuvuka kituo cha mpaka cha Petite Barrière kwenda Gisenyi, Rwanda, asubuhi na kurudi jioni. Kwa hiyo mstari wa kujiandikisha kupiga kura si mstari wa kura tu. Ni mstari wa kutambuliwa kuwa mtu wa hapa. Ndiyo maana mbele ya meza ya kuandikisha watu hubishana kwa sauti kubwa kuliko siku ya kupiga kura yenyewe. Anayemkataza jirani yake kadi kwa sababu ya pua au lafudhi anamkataza pia kupokea pesa ya mtoto wake aliyeko Kampala. Sijui kama huwa analifikiria hilo.

Mfano mwingine wa nguvu ya kabari na mipaka yake: kuanzia 1998 hadi 2003 chama cha waasi cha RCD, kikisaidiwa na Rwanda, kilitawala karibu theluthi ya nchi, makao yake makuu yakiwa hapa Goma. Kiongozi wake wa baadaye, Azarias Ruberwa, akawa makamu wa rais katika serikali ya mpito. Ulipofika uchaguzi wa Julai 2006 alipata asilimia 1.69 ya kura za urais. Gavana wa Kivu Kaskazini wakati wa RCD, Eugène Serufuli, alikuwa amejaribu kuwaunganisha Wahutu na Watutsi chini ya jina moja la wazungumzaji wa Kinyarwanda ili kura zao ziwe fungu moja. Fungu hilo halikushika, na mapema 2007 baraza la jimbo likamchagua Julien Paluku, Mnande, kuwa gavana. Watu walipiga kura kwa hasira ya vita, na hasira hiyo ilikuwa halali. Ila nawakumbuka na wanyonge wa upande wa pili, wafugaji na walimu ambao RCD haikuwahi kuwauliza kabla ya kusema kwa jina lao, wakabaki na deni la kisiasa wasilolikopa.

Baraza ni neno linalostahili kutajwa hapa. Mwaka 1998 wazee wa jumuiya mbalimbali za Kivu Kaskazini waliunda chombo walichokiita Barza, wakakaa pamoja, Wahunde, Wahutu, Wanande, Watutsi na wengine, kusuluhisha kesi za mashamba na ng'ombe kabla hazijafika kwenye bunduki. Kwa miaka kadhaa kilituliza mengi. Kilidhoofika uchaguzi wa 2006 ulipokaribia, kila mzee aliporudi kwao kuhesabu watu wake.

Je, wajua kwamba operesheni iliyowagawa wapiga kura wa Kivu kuliko nyingine nyingi iliitwa Umoja Wetu? Januari 2009 majeshi ya Rwanda yaliingia Kivu Kaskazini kwa makubaliano na Rais Joseph Kabila kuwasaka wapiganaji wa FDLR, waasi Wahutu kutoka Rwanda. Bunge halikuarifiwa. Vital Kamerhe, mtu wa Kivu aliyekuwa spika na mshirika wa karibu wa Kabila, alilalamika hadharani, na Machi mwaka huo akalazimika kujiuzulu. Mwaka 2011 aligombea urais, akawa wa tatu kitaifa kwa karibu asilimia 8. Kabila, ambaye mwaka 2006 Kivu ilimbeba kwa kishindo kama mleta amani, alikuta wengi wa watu hao hao wamemgeuzia mgongo. Wenye maduka na wanafunzi wa chuo walisema ameiuza nchi. Wakulima wa vijiji fulani walisema angalau FDLR wamesogea. Mtu na ndugu yake, mmoja Goma mmoja kijijini, walitofautiana kwa sababu ya umbali wao na bunduki.

Siyo kila kabari ni ya kabila. Hii inayofuata ilipita katikati ya watu wa kazi, na haikuuliza mtu anatoka wapi.

Katiba ya 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Kwa miaka 13 ilibaki maandishi. Tangu miaka ya 1990, Dola ilipoacha kuwalipa walimu, wazazi na makanisa walikubaliana kwamba familia zichange pesa ya kumtunza mwalimu. Ulikuwa mpango wa dharura uliogeuka kuwa kawaida. Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi aliamuru elimu ya msingi iwe bure kweli. Mama muuza makala, yaani makaa, mwenye watoto sita, ambaye kila mwaka alikuwa akichagua wawili wa kupeleka shule, aliwapeleka wote. Furaha yake ilikuwa kubwa, na mimi siwezi kumsikiliza mtu anayeibeza.

Lakini mwalimu je? Ile pesa ya wazazi ndiyo iliyokuwa ikimlipia nyumba katika mtaa wa Ndosho au Katoyi, kwa sababu mshahara wa serikali ulikuwa mdogo, na wako walimu wengi, hapa huitwa wa N.U. (nouvelles unités), ambao hawakuwa hata kwenye orodha ya mishahara. Asubuhi moja pesa hiyo ikakatwa, na darasa likajaa maradufu. Walimu waligoma, wazazi wakawakasirikia. Walimu wakaona kampeni imefanywa kwa jasho lao. Wenye kipato kidogo cha ziada, wafanyakazi wa mashirika wanaolipwa kwa dola, wenye maduka, waliwahamishia watoto wao shule za binafsi, na wakiondoka waliondoka na sauti zao kwenye vikao vya wazazi. Mwalimu na mama wa makala hawakuwa maadui. Bado fedha za kuwatosha wote wawili zilijadiliwa Kinshasa, wao wakabaki kulaumiana mlangoni mwa shule.

Ukitaka kuona gogo linalokataa kupasuka, tafuta maji. Goma imekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, mojawapo ya maziwa yenye kina kirefu Afrika, na bado watoto huamka gizani na bidoni za manjano kwenda kuchota ziwani. Mwaka 2012 vijana wa mji huu waliunda vuguvugu la LUCHA, kifupi cha maneno ya Kifaransa ya kupigania mabadiliko. Kwa bahati, kwa Kihispania neno hilo maana yake ni mapambano. Vuguvugu hilo halina rais wala kiti cha mwenyekiti. Mwaka 2014 walianzisha kampeni ya kudai maji ya bomba, na kampeni hiyo haikuwa na kabila, kwa sababu bidoni ya lita 20 ina uzito uleule kichwani mwa Mhunde na kichwani mwa Mtutsi. Walikamatwa, wakapigwa, wakafungwa. Mwaka 2016 Amnesty International iliwapa tuzo yake ya heshima pamoja na makundi ya Senegal na Burkina Faso. Moja ya sauti zao zilizosikika zaidi, Luc Nkulula, alikufa katika moto wa nyumba yake hapa Goma Juni 2018. Alikuwa kijana, na watu wa kila jumuiya walimlilia.

Desemba mwaka huohuo, siku nne kabla ya uchaguzi wa rais, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo, kaskazini mwa jimbo letu, hawatapiga kura hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais angeapishwa Januari. Zaidi ya wapiga kura milioni moja waliondolewa kwenye hesabu. Je, wajua watu wa Beni walifanya nini? Tarehe 30 Desemba walijipangia uchaguzi wao wenyewe. Walisimama mstari, wakanawa mikono kwa maji ya dawa kabla ya kugusa karatasi, wakapiga kura, wakahesabu. Kura zile hazikuingia popote, na waliozipiga walilijua hilo tangu asubuhi. Muuguzi alisimama nyuma ya mpakiaji wa malori, na nyuma yao mwenye duka la vitenge.

Kabari ya uraia haikukaa Kivu. Mwaka 2021 ulipelekwa bungeni Kinshasa muswada uliobuniwa na Noël Tshiani, mgombea urais wa zamani, wa kutaka urais na nyadhifa kuu ziwe za mtu ambaye baba na mama yake wote ni Wakongo. Kila mtu alielewa unamlenga nani: Moïse Katumbi, mwanasiasa wa Katanga, ambaye mama yake ni Mkongo na baba yake Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rhodes, Ugiriki. Muswada haukuwa sheria, na Oktoba 2023 Mahakama ya Katiba ikakataa maombi ya kumwondoa Katumbi kwenye orodha. Lakini mjadala ulifanya kazi yake. Miezi mizima ya kampeni, iliyoweza kutumika kuuliza kwa nini franka inashuka na barabara ya Sake haipitiki, ilitumika kupima damu ya mtu. Watu wa Goma wanaoijua kabari hii tangu utotoni waliishangaa ikitumika dhidi ya mtu wa Katanga. Wengine, nasema kwa masikitiko, waliishangilia. Desemba 2023 Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 73, Katumbi akapata 18. Masisi na Rutshuru hakukuwa na uchaguzi kabisa, kwa sababu ya vita vya kundi la waasi la M23. Wakulima wa huko, wa kila lugha, walikuwa chini ya turubai katika kambi za Kanyaruchinya na Bulengo, kwenye mawe meusi ya volkano, wakipanga mstari wa unga.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma kwa mara ya pili; ya kwanza ilikuwa Novemba 2012. Umeme na maji vilikatika, uwanja wa ndege na benki vikafungwa. Mfanyakazi wa shirika mwenye dola elfu kwenye akaunti na mama mwenye franka elfu tano za likelemba, mchango wa zamu, wakajikuta sawasawa mbele ya mlango wa chuma. Kundi hilo linasema linapigania watu waliokataliwa uraia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamethibitisha tena na tena mkono wa Rwanda nyuma yake. Wazungumzaji wa Kinyarwanda waliobaki mitaani, mafundi cherehani, wauza maziwa, wanatazamwa kwa jicho la bunduki wasizozishika.

Jambo la mwisho, linaloturudisha tulikoanzia. Je, wajua kwamba katika mwaka wa bajeti wa 2016 Kongo ndiyo nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote waliopokelewa Marekani, zaidi ya 16,000? Wengi walitoka kambi za Rwanda na Uganda, Gihembe, Kiziba, Nakivale, ambako familia za Masisi na Rutshuru zilikaa tangu miaka ya 1990, wazee wakifia humo na watoto wakizaliwa humo. Walipelekwa kwenye miji kama Louisville, huko Kentucky, wakapata kazi za zamu kwenye maghala na viwanda vya nyama. Baada ya miaka mitano mkimbizi anaweza kuomba uraia wa Marekani. Mtu ambaye sheria tano za Kongo zilishindwa kumwambia yeye ni nani anajibu maswali ya mtihani, anaapa, anapewa cheti, na Novemba ijayo anapanga mstari wa kupiga kura pamoja na Wamarekani wa kazi za mikono kama yeye.

Siku ileile anapoapa anaipoteza Kongo, maana sheria ya 2004 inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu na haushirikiani na mwingine. Na karatasi ya kura anayopewa Kentucky imejaa kabari ya huko, iliyonolewa upya: wageni wangapi waingie, na kutoka wapi. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa kwake, Donald Trump alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Wiki hiyohiyo, Goma ikisikia mizinga kutoka Sake, zilikuwapo familia kambini ambazo mafaili yao yalikwisha kukamilika na ambazo ndugu zao wa Louisville walikwisha kununua magodoro ya kuwapokea.